Kontena inafunguliwa wapi? Kisa cha Mombasa, SGR na tangazo la Agosti 2019

Tarehe 3 Agosti 2019, siku ya Jumamosi, Mamlaka ya Bandari KPA na watu wa ushuru KRA walitoa tangazo la pamoja. Ukilikamua linasema hivi: kuanzia tarehe 7 mwezi huohuo, mizigo yote ya nje inayoshukia Mombasa na kuelekea Nairobi na bara kwa jumla itapanda SGR, ile reli mpya, na itatolewa, yani kumaliziwa mambo ya forodha, kule ICD (bandari kavu) ya Embakasi, Nairobi. Siku nne, na wikendi imo ndani. Mtu ana malori ambayo bado analipia mkopo benki, ana madereva na matanboi, ana yadi amekodi Jomvu kulekule Mombasa, anapewa siku nne ajue atafanya nini na maisha yake.

Wengi walioifuata hii stori kutoka mbali waliiona kama vita ya treni na malori, na kwenye vita ya namna hiyo ni rahisi sana kuwa upande wa treni, manake treni inapunguza ajali Mombasa Road, lami haiharibiki haraka, moshi unapungua, na nani anataka kuonekana anapinga maendeleo. Mimi naona swali lenyewe lilikuwa lingine kabisa. Swali lilikuwa kontena inafunguliwa wapi. Pale inapofunguliwa ndo kuna ajenti, kuna ofisa wa forodha, kuna kibarua wa kushusha, kuna mama wa chapati, kuna mwenye stoo, kuna benki, kuna lojing'i. Meli inaweza kufunga bandarini Kilindini kila siku na mji bado ukalala njaa, na nitaonyesha kwamba kwa kiasi fulani ndicho kilichotokea.

Angalia kwanza namba hii. Mwaka 2018 bandari ya Mombasa ilipitisha takriban tani milioni 31 za mizigo. Mwaka 2019, mwaka uleule wa vurugu zote, ikapitisha takriban tani milioni 34, na kontena zikafika kama milioni 1.4 ukizihesabu kwa saizi ya futi ishirini. Kwa hiyo bandari ilikuwa inakua, ripoti za KPA zinang'ara, wakati huohuo Changamwe na Miritini watu wanafunga biashara. Vitu viwili vinavyoonekana kama haviwezi kwenda pamoja vilienda pamoja, na ukielewa kwa nini umeelewa kisa chote.

Lakini wacha nirudi nyuma, manake Mombasa imekula kutokana na kusubiri na kufungua mizigo kwa mamia ya miaka. Zamani za majahazi, vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi vilikuja na kaskazi kuanzia mwisho wa mwaka, na vikaondoka na kusi kuanzia Aprili hivi. Hapo katikati hakuna pa kwenda, upepo haujageuka. Nahodha na mabaharia wanakaa mjini, wanakodi vyumba, wanakula, wengine wanaoa kabisa, na bidhaa zinafunguliwa palepale, tende na nguo na vyombo, halafu zinapakiwa pembe, ngozi, nafaka na boriti za mikoko. Biashara yenyewe ilikuwa polepole na ule upolepole wake ndo uliojenga Mji wa Kale. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 hawakuja kutazama mandhari, walitaka kuushika huo mlango na ushuru wake, na Waomani walipowatoa mwaka 1698 baada ya kuwazingira karibu miaka mitatu nao walikuwa wanataka mlango uleule.

Halafu ikaja reli ya kwanza. Waingereza walianza kuijenga Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na katikati ya njia, mwaka 1899, wakaweka kambi ya reli sehemu iliyokuwa tambarare ya maji maji inayoitwa leo Nairobi. Miaka sita tu baadaye, 1905, makao makuu ya serikali ya kikoloni yakatolewa Mombasa yakapelekwa kwenye ile kambi. Yani mzee wa Mombasa akikwambia reli inachukua vitu vya pwani inapeleka bara, usidhani analalamika tu, hiyo ni historia ya familia yake. Bandari nayo ikahama ndani ya kisiwa chenyewe, kutoka upande wa Mji wa Kale ikaenda Kilindini ambako maji ni marefu na meli kubwa zinaingia, magati ya kina kirefu yakajengwa miaka ya 1920, na Bandari ya Kale ikabaki na majahazi yake.

Kilindini iliajiri watu wengi, kwa mshahara mbovu. Mizigo ya enzi hizo ilikuwa magunia, masanduku, marobota, kila kitu kinabebwa na mgongo wa mtu. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari, reli na sehemu nyingine, inasemwa kama 15,000, waligoma kwa karibu wiki mbili na mji ukasimama. Chege Kibachia aliyekuwa akiongoza chama chao alikamatwa baadaye mwaka huohuo, lakini serikali ililazimika kuunda tume na mishahara ikapanda kidogo. Mwaka 1955 makuli wa bandarini waligoma tena, Tom Mboya akiwa bado kijana akaingia kusuluhisha. Nayataja haya kwa sababu watu wanashangaaga kwa nini Mombasa inaandamana kuhusu mambo ya mizigo wakati miji mingine inaandamana kuhusu siasa. Mombasa mizigo ndo siasa.

Kontena ilivyoingia, miaka ya 1970 mwishoni na 1980, ikaanza kumaliza ile kazi ya mgongo. Kreni moja inafanya kazi ya genge zima. Hapo mji ungekuwa umeshaumia vibaya, ila kitu kimoja kiliuokoa: kontena ilitoka melini imefungwa, ndio, lakini bado ilifunguliwa Mombasa. Kwenye miaka ya 2000 bandari ilijaa mpaka ikawa haipumui, serikali ikaruhusu yadi za watu binafsi zinazoitwa CFS, yani meli ikishusha, kontena zinahamishiwa kwenye hizo yadi nje ya bandari, huko ndo ushuru unakaguliwa na mzigo unatolewa. Zikaota Shimanzi, Changamwe, Miritini, Jomvu, Mikindani. Ukipita Magongo enzi hizo unaona kuta ndefu na kontena zimepandiana nyuma yake, na nje ya kila geti kuna watu wamesimama.

Hao watu wa getini ndo uchumi wenyewe. Tufuate kontena moja ya futi arobaini, tuseme ya vigae vya sakafu, mwenyewe ni mfanyabiashara wa Nairobi. Inaingia yadi. Ajenti wa forodha wa Mombasa ameshalipwa kushughulikia makaratasi, ana vijana wake wa kukimbia na fomu. Kontena inachaguliwa kukaguliwa, kwa hiyo inafunguliwa, vibarua wanashusha boksi mpaka ofisa atosheke, wanarudisha. Wakati mwingine mwenye mzigo hataki kubeba kontena mpaka Nairobi sababu anaogopa gharama za kuirudisha tupu, basi inavunjwa palepale na mali inapakiwa kwenye malori ya wazi, kazi ya vibarua tena. Lori limetoka gereji ya Jomvu, tairi zimenunuliwa hapo, dizeli imejazwa hapo, dereva kalala hapo siku mbili akingoja foleni na akala kwa mama wa chakula nje ya geti. Lori likiondoka linasimama Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali, kila mahali linaacha kitu. Kontena tupu inarudi Mombasa kwenye depo ya kampuni ya meli, hapo kuna mtu wa kuiosha na mtu wa kuchomelea palipotoboka. Kila mkono unachukua kidogo. Mkubwa aliyekaa Nairobi anaona hiyo ni gharama ya kupunguza. Mtu wa Miritini anaona ni karo ya shule.

Na nisiwe mnafiki, huo mnyororo ulikuwa na uozo wake. Mzigo ulikuwa unakaa sana, foleni za malori zilikuwa zinaziba barabara ya kutoka kisiwani mpaka watu wa ndege wanakosa ndege, kulikuwa na kitu kidogo kwenye kila meza, na mfanyabiashara wa Kamukunji, Nairobi, alikuwa anaibiwa mali yake ndani ya yadi aliyopangiwa na wala hakuichagua yeye. Wenye hizo yadi pia si maskini wa Mungu, ni watu wachache wenye pesa zao na mafungamano yao. Kwa hiyo ilipokuja hoja ya kutolea mizigo Nairobi, kuna wateja wa kweli walioifurahia, na kama ingekuwa hiari nadhani wengi wangejaribu wenyewe.

Sasa SGR. Mei 2014 serikali ilisaini mikopo na benki ya Exim ya China, zaidi ya dola bilioni 3 kwa kipande cha Mombasa mpaka Nairobi, mjenzi akiwa China Road and Bridge Corporation. Nusu ya mkopo ilikuwa ya riba nafuu, nusu nyingine ya kibiashara. Ile ya nafuu ilikuwa na miaka 7 kabla hujaanza kulipa deni lenyewe, ile ya kibiashara miaka 5. Kamata kalenda: 2014 ongeza 5 ni 2019. Treni ya abiria ilizinduliwa mwisho wa Mei 2017 na ikapendwa, haina ubishi, mpaka leo kupata tiketi ya Krismasi ni vita. Lakini abiria hawawezi kulipa dola bilioni 3. Hesabu yote ya mradi ilisimama kwenye mizigo, na treni ya mizigo ilianza Januari 2018.

Na hapa kuna karatasi moja ambayo watu wa kawaida waliisikia kwa uvumi tu kwa miaka. KPA ilikuwa imeingia mkataba na Shirika la Reli kwamba itahakikisha kiwango fulani cha mizigo kinapanda treni kila mwaka, na kisipofika KPA ndo inafidia pengo. Yani bandari, ambayo kazi yake ni kuhudumia meli yoyote na mteja yeyote, ikawa na sababu ya kumlazimisha mteja njia ya kupita. Kutoka hapo ikatoka ile kelele ya kwamba bandari imewekwa rehani kwa Wachina, serikali ikakanusha, kelele ikaendelea manake mikataba yenyewe ilikuwa imefichwa, na kitu kikifichwa kila mtu anakijazia anachotaka. Sehemu ya mikataba ilikuja kuwekwa hadharani Novemba 2022 na waziri wa uchukuzi Kipchumba Murkomen. Kama ingewekwa hadharani 2014 nahisi huu mjadala ungekuwa mfupi sana.

Kulazimisha hakukuanza na lile tangazo la Agosti. Kuanzia 2018 mtu alikuwa anaagiza mzigo wake, kwenye hati ya shehena, ile karatasi ya meli ya mzigo, kaandika Mombasa, halafu anaambiwa kontena yako ishapakiwa treni iko Embakasi. Ujanja ulikuwa rahisi: mzigo ukishuka tu unapelekwa kwenye behewa kabla ajenti hajapata nafasi. Embakasi nako, ingawa ICD ilikuwa imepanuliwa sana, ikajaa. Kontena zinakaa, mteja anahesabiwa gharama za kuhifadhi, siku za bure zimeisha, kampuni ya meli nayo inadai demareji, faini ya kuchelewesha, sababu kontena haijarudi. Wafanyabiashara wa Nairobi walewale waliodhaniwa watafaidika wakaanza kupiga kelele. Na kuna ile safari ya mwisho ambayo hesabu za treni zilikuwa zinaisahau, manake treni inaishia stesheni, haifiki stoo. Kutoka Embakasi mpaka Industrial Area lazima ulipe lori tena, halafu kontena tupu urudishe. Ukijumlisha yote, mara nyingi lori la moja kwa moja kutoka Mombasa mpaka mlangoni ilikuwa rahisi zaidi. Ndo maana ikabidi amri. Huduma ikiwa nafuu haihitaji tangazo la kushurutisha.

Pwani ikajibu kwa njia mbili, barabarani na kortini. Barabarani ilikuwa ile Jumatatu Nyeusi, maandamano ya kila Jumatatu yaliyoandaliwa na kundi la Fast Action Movement, na muungano wa Okoa Mombasa ukawa unasukuma mambo ya haki na uwazi wa mikataba. Polisi walitupa vitoa machozi, watu wakakamatwa, Jumatatu inayofuata wanarudi. Kilichonivutia mimi ni nani alikuwa ndani ya yale maandamano. Walikuwemo wenye malori na madereva wao, ambao kwa kawaida hawapatani hata kidogo, ajenti, makundi ya haki za binadamu, vijana wa mtaani ambao hawajawahi kuona hati ya shehena maishani. Wote wamegundua wanakula sahani moja.

Kaunti ya Mombasa nayo ikaagiza utafiti kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, ukatoka 2019. Ulikadiria kwamba tayari karibu kazi 3,000 zimepotea Mombasa, na kwamba mizigo yote ikipanda treni idadi inaweza kupita 8,000. Ni makadirio na yameagizwa na upande mmoja, yasome ukijua hivyo. Hata ukiyakata nusu bado ni mengi kwa mji ambao hauna viwanda vingi na utalii wake unapanda na kushuka kila uchaguzi ukikaribia.

Mwanzoni mwa Oktoba 2019 waziri wa uchukuzi wakati huo, James Macharia, alisimamisha agizo. Watu wakashangilia, siku chache tu, manake wenye malori walisema chini kwa chini mambo yanaendelea vilevile, mzigo bado unaelekezwa kwenye behewa. Kusimamisha kwa mdomo na kusimamisha kwenye sistimu ya bandari ni vitu viwili.

Kesi ya Mahakama Kuu Mombasa ndo ilikuwa na meno. Majaji watano walikaa, na tarehe 6 Novemba 2020 wakatoa hukumu kwamba agizo la Agosti 2019 lilivunja katiba, wananchi hawakushirikishwa na kaunti hazikuulizwa kwa jambo linalogusa riziki za watu wao kwa kiwango hicho. Wakalifuta, ila wakaahirisha kufutwa huko kwa siku 180 ili serikali ipate nafasi ya kurekebisha mambo kwa kufuata utaratibu. Soma hiyo tena. Mahakama haikusema treni ni mbaya wala haikusema mizigo lazima itolewe Mombasa, ilisema huwezi kuhamisha uchumi wa mji kwa tangazo la Jumamosi bila kuongea na wenye mji. Serikali ikitaka inaweza kuita vikao, ikasikiliza, ikaandika tena agizo lilelile kwa utaratibu, na hukumu haitakuwa imevunjwa. Wengi walioshangilia hawakuiona hiyo sehemu.

Na wakati kesi ikiendelea, jambo lingine likawa linafanyika. Kipande cha pili cha SGR, Nairobi mpaka karibu na Naivasha, kilifunguliwa Oktoba 2019, reli inaishia katikati ya nyika kwa kusema kweli, na ikajengwa ICD huko. Ilipofika 2020 na korona, foleni za madereva Malaba, mpakani na Uganda, wakingoja majibu ya vipimo zikawa za maili na maili, serikali ikaona sababu nzuri ya kuagiza mizigo ya Uganda, Rwanda na Sudan Kusini ishushwe Naivasha ichukuliwe kutoka huko. Waganda hawakufurahi, kituo kilikuwa bado kichanga, na kwa Mombasa hili liliuma kwa namna ya peke yake ambayo nadhani inahitaji maelezo kidogo.

Mizigo ya transiti, ile ya nchi jirani, ni kama theluthi ya mizigo yote ya Mombasa na sehemu kubwa kabisa ni ya Uganda. Hiyo haifunguliwi Mombasa hata siku moja, inapita na sili yake mpaka ng'ambo. Basi kwa hiyo mizigo hoja yangu ya kufungua kontena haifanyi kazi moja kwa moja, kinachobaki mjini ni lori: dereva, dizeli, tairi, gereji, makaratasi ya ajenti. Ukichukua mizigo ya Nairobi umechukua vibarua na yadi. Ukichukua na ya transiti umechukua magereji na lojing'i na miji yote ya barabarani mpaka Malaba. Treni moja ya mizigo inabeba kontena zaidi ya 100, sasa piga hesabu ni malori mangapi hayo yanabaki yameegeshwa Miritini, bado wenyewe wanadaiwa na benki. Mtito Andei ilipigwa kimyakimya, hakuna aliyeandamana kule, mahoteli yalipungua wateja basi.

Tarehe 13 Septemba 2022 William Ruto aliapishwa Kasarani, na ndani ya hotuba hiyohiyo akatangaza kutoa mizigo kunarudi Mombasa, akisema itarudisha maelfu ya kazi. Mombasa ilisherehekea, na ni haki yao. Lakini mimi nilikuwa naangalia namna. Mwaka 2019 uchumi wa mji ulihamishwa kwa tangazo la ofisi mbili, mwaka 2022 ukarudishwa kwa sentensi moja kwenye jukwaa. Njia ni ileile, mwelekeo tu ndo umegeuka. Sikuona sheria iliyofuata inayosema mteja ana haki ya kuchagua njia na mahali pa kutolea mzigo wake na hakuna ofisi itakayomnyang'anya.

Baada ya hapo nini kilitokea? Hili ndo jambo ambalo pande zote mbili hazipendi kuliongelea. Treni haikufa. Mwaka 2023, bila kulazimishwa tena, SGR ilibeba mizigo kama tani milioni 6 na nusu, zaidi hata ya miaka ya amri. Kumbe kuna mizigo inayofaa treni kabisa, mizito, ya wingi, ya mwenye stoo karibu na reli, na hao wateja walibaki wenyewe. Kwa hiyo ile hoja kwamba bila kushurutisha reli itasimama haikuthibitika. Na upande wa Mombasa, kazi hazikurudi zote kwa kutangazwa. Mwenye lori aliyenyang'anywa na benki 2019 hakurudishiwa. Kibarua aliyerudi kwao Kaloleni kulima hakusikia hotuba akapanda matatu. Ajenti wengi wakubwa walikuwa wameshafungua ofisi Nairobi na sistimu za forodha siku hizi ziko kwenye kompyuta, hati inajazwa kutoka popote, hata ungefungua kontena Shimanzi bado kijana wa kukimbia na fomu hahitajiki kama zamani.

Bandari yenyewe imeendelea kunona. Mwaka 2024 ilipitisha tani zaidi ya milioni 41 na kontena zikafika milioni 2, rekodi ya wakati huo. Terminali ya pili ya kontena pale Kipevu imepanuliwa, barabara ya Dongo Kundu imefunguka, Dar es Salaam nayo inabana kwa kasi na reli yake ya umeme, kwa hiyo presha ya kupitisha mzigo haraka itazidi. Na haraka ndo adui wa kibarua. Kila siku moja inayopunguzwa kwenye muda wa kontena kukaa Mombasa ni ushindi kwa KPA na kwa mnunuzi wa Kampala, na ni sahani kadhaa za pilau ambazo hazitanunuliwa nje ya geti la Changamwe. Sisemi mzigo ucheleweshwe ili watu wale, huo ni ujinga. Nasema mji unaotegemea kuchelewa kwa mizigo unahitaji kitu kingine cha kufanya na ile mizigo, kuitengeneza, kuifungasha, kuiunganisha, na hapo ndo lile eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu lilitakiwa liwe limeshajaa viwanda. Limeongelewa miaka na miaka.

Kwa sasa macho yangu yako Malaba. Oktoba 2024 Uganda ilisaini na kampuni ya Uturuki Yapi Merkezi mkataba wa kujenga SGR yao kutoka Malaba mpaka Kampala, na Kenya nayo inataka kuiendeleza yake kutoka Naivasha kupitia Kisumu mpaka mpakani. Siku reli hizo mbili zikikutana, kontena ya Kampala itatoka melini iingie behewani Kilindini ndani ya masaa, na lori la Jomvu halitakuwa na sehemu kwenye safari hiyo hata kama hakuna aliyelazimishwa na hakuna agizo la kupeleka kortini. Waliokwenda kortini walipata cha kushtaki kwa sababu kulikuwa na barua. Safari hiyo hakutakuwa na barua, kutakuwa na bei tu.